Floraidi katika maji na afya ya jamii: miteremko ya Mlima Meru

Floraidi ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya ardhini. Kwa kiasi kidogo husaidia kukinga meno yasioze. Ikizidi huharibu meno na mifupa, hasa ya watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Katika vijiji kadhaa vya Arumeru, mkoani Arusha, mito na chemchemi zimepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Hakuna kiwanda kilichoyachafua maji hayo, wala wanakijiji hawakukosea lolote. Madini yametoka mlimani. Ndiyo maana miteremko ya Meru ni mfano mzuri wa namna mazingira yanavyogusa afya ya jamii nzima, tajiri na maskini, msafi na mchafu, kwa sababu tu wote wanachota chanzo kimoja.

Chanzo chake

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana florini kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya humo hubeba floraidi, na kadiri yanavyokaa muda mrefu ardhini ndivyo yanavyobeba zaidi. Kwa kawaida kalisi huungana na floraidi na kuifanya itulie chini, isibaki katika maji. Maji ya Meru yana magadi mengi na kalisi kidogo, hivyo floraidi hubaki imeyeyuka. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi kwa kiwango cha juu sana, maana maji yake hukauka kwa jua na kuacha madini nyuma.

Hali si sawa kila mahali. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, na kisima kirefu si lazima kiwe salama kuliko kifupi. Maji yanaweza kuwa maangavu, baridi na matamu mdomoni, huku floraidi yake ikiwa mara kadhaa ya kikomo. Haina rangi wala harufu inayoweza kumtahadharisha mchotaji. Hujulikana kwa kipimo tu.

Meru haiko peke yake. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha nchini Kenya, hadi Kilimanjaro na Singida nchini Tanzania, yana tatizo hili kwa viwango tofauti.

Madhara kwa meno

Meno ya kudumu huumbwa ndani ya fizi tangu utotoni, na miaka minane ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, enameli haikomai ipasavyo. Jino huota na mistari au mabaka meupe kama chaki. Likiathirika zaidi hugeuka kahawia, hupata vishimo na kumeguka. Mswaki hauondoi rangi hiyo, kwa kuwa imo ndani ya jino lenyewe. Mtu aliyehamia Arumeru akiwa mtu mzima hatapata mabaka hayo, lakini watoto atakaowalea huko wanaweza kuyapata.

Kasoro hii huitwa ya urembo tu, na hapo uzito wake hupunguzwa isivyo haki. Msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka ana jeraha, hata kama halimuumi. Doa humfuata akienda kusoma au kutafuta kazi mikoa mingine, ambako wasiojua humdhania hapigi mswaki.

Madhara kwa mifupa

Floraidi nyingi ikiingia mwilini kwa miaka mingi hujikusanya katika mifupa. Mifupa huwa mizito lakini dhaifu, viungo hukakamaa na uti wa mgongo hupoteza wepesi wake. Kwa watoto, miguu inaweza kupinda, na matege ya namna hiyo yameonekana katika baadhi ya vijiji vya Arumeru. Upungufu wa kalisi katika chakula huzidisha madhara, kwa hiyo mtoto asiyepata maziwa huumia zaidi ya jirani yake anayekunywa maji yaleyale. Mifupa iliyokwisha kupinda hairudishwi na dawa. Wachache hunyooshwa kwa upasuaji.

Ugunduzi

Daktari wa meno Frederick McKay aliyakuta meno ya kahawia kwa wakazi wa Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akatumia miaka mingi kutafuta sababu. Alishuku maji mapema, lakini mkemia H. V. Churchill ndiye aliyetambua floraidi mwaka 1931. Mwaka 1937, H. E. Shortt na wenzake walieleza madhara ya mifupa kutoka Madras, India. Ikawa wazi kwamba watu wa mabara tofauti walikuwa wakiugua kwa sababu ya aina ya ardhi waliyoishi juu yake.

Jikoni

Mafundisho ya kawaida ya usafi wa maji hayatoshi hapa. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi floraidi. Sufuria ikichemka muda mrefu, maji hupungua kwa mvuke na madini yote hubaki, hivyo kila kikombe huwa na floraidi nyingi kuliko mwanzo. Mama mwenye bidii ya kuchemsha amemlinda mwanawe dhidi ya kuhara tu.

Magadi nayo huchangia. Huokotwa kwenye kingo za maziwa ya chumvi au huuzwa sokoni kwa mafungu, na hutiwa katika maharage na makande ili yaive haraka na kuokoa kuni. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na meno yenye mabaka yamekutwa hata mahali ambapo maji yenyewe hayana tatizo.

Kuondoa floraidi

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya maji, kimejishughulisha na mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo. Ikitoka nyeusi au ya kijivu iliyokoza, imefaa. Ikiwa haikuiva hutia maji harufu na ladha mbaya, na ikipitiliza hadi kuwa nyeupe hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Mkaa husagwa, huoshwa na kujazwa katika ndoo au tangi, kisha maji hupitishwa humo. Njia hii imetumika pia Nakuru, kupitia mradi wa maji wa jimbo katoliki la huko.

Njia nyingine ni kutia shabu na chokaa, iitwayo Nalgonda kwa jina la mji wa India. Ni rahisi kuieleza, lakini hutaka vipimo sahihi kila siku na huacha tope linalohitaji mahali pa kutupwa.

Udhaifu wa chujio la mkaa ni kwamba nguvu yake huisha kimyakimya. Maji huendelea kutoka safi na yenye ladha ileile, na familia huendelea kuyaamini. Chujio lisilo na mtu wa kupima maji yake na kubadilisha mkaa kwa wakati ni tumaini la uongo.

Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi karibu hayana floraidi. Tangi la kutosha watoto wadogo kunywa na kupikiwa wakati wa kiangazi huwakinga katika miaka ile inayoamua meno yao. Njia ya kudumu zaidi ni kuvuta kwa bomba maji yenye floraidi kidogo kutoka chanzo kingine, au kuyachanganya na ya hapo hadi kiwango kishuke.

Viwango na wajibu

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Haikuwa kwa sababu kiasi hicho ni salama, bali kwa sababu kikomo kikali kingefunga vyanzo vingi visivyo na mbadala. Baadaye kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na pendekezo la WHO. Kushusha namba ni hatua ya heshima, ila karatasi haichuji maji.

Kaya moja haiwezi kupima mto, kuchimba kisima mbadala wala kulaza bomba la kilomita kadhaa. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kazi ya pamoja: kila chanzo kipimwe floraidi kabla ya kuchimbwa au kufunguliwa, majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji, jumuiya za watumia maji zitenge fedha za kubadilisha mkaa, na kliniki za watoto zimweleze kila mzazi ni bomba lipi la kunyweshea mtoto. Mlima hautabadilika. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu ana miaka minane tu ya kusubiri maamuzi hayo.