Risasi za kuwindia swala (Ufipa)

Risasi za kuwindia swala huchaguliwa kwa kuangalia uzito wa mnyama, umbali na uoto. Mkoani Rukwa mwindaji hulenga tohe, pongo, kongoni, korongo au pofu. Tofauti yao ni kubwa: tohe hafiki kilo 100, ilhali dume la pofu huweza kupita kilo 700.

Risasi ya .30-06, iliyobuniwa Marekani mwaka 1906, yenye kichwa cha gramu 11.7 hivi, huwatosha karibu wote hao. Kwa tohe na pongo .243 inatosha, ingawa kwenye mbuga wazi za uwanda wa juu wa Ufipa, kama za upande wa Mwazye, upepo wa kiangazi huyumbisha kichwa chepesi. Kwa dume la pofu, .375 H&H ya mwaka 1912 ndiyo ya kuaminika.

Muundo wa kichwa cha risasi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ncha laini hutanuka ikigonga nyama na kupasua mapafu. Ncha ngumu huweza kutoboa tohe na kutokea upande wa pili, naye akakimbia na kufia mbali. Hata hivyo, risasi kubwa haifidii shabaha mbovu.

Gobore, bunduki ya kienyeji, haina risasi za aina hii: baruti na vipande vya chuma hushindiliwa mdomoni, na hujeruhi zaidi ya kuua. Uwindaji wowote huhitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.