Kutoka Mswada hadi Simu: Historia ya Msomaji wa Kitabu cha Kiswahili

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, hakuwa na duka la vitabu. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi wa hati, na kazi yake ya kunakili tenzi ilianza pale mtu alipomletea ombi. Aliyetaka utenzi aliagiza, na Kijuma akauandika kwa herufi za Kiarabu, mara nyingine akiupamba ukurasa kwa wino wa rangi. Wataalamu wa Ulaya waliochunguza ushairi wa Waswahili, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walipata kwake nakala nyingi ambazo leo zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Katika mpango huo msomaji alitangulia na kitabu kikafuata. Uchapaji uliupindua: kitabu kikaanza kutangulia, na mtu mwingine, awe mmisionari, afisa wa serikali au mchapishaji, ndiye aliyeamua watu wasome nini. Simu ya mkononi inaupindua tena mbele ya macho yetu. Wanaolalamika kwamba watu wetu hawasomi hutazama rafu za maduka ya vitabu na kuziona zimepoa. Historia inatuambia kuwa rafu hazijawahi kuwa kipimo kizuri cha kiu ya kusoma katika Afrika Mashariki.

Enzi ya miswada

Miongoni mwa miswada mikongwe ya Kiswahili inayojulikana ni ule wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Kwa muda mrefu baada ya hapo vitabu vya pwani viliendelea kuzaliwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake mwaka 1858 ni mfano mzuri. Ulitungwa kwa ajili ya msomaji mmoja ndani ya nyumba moja, lakini wanawake wa Lamu na miji ya jirani waliutaka, wakaunakili, wakauhifadhi kwa moyo na kuwafundisha mabinti zao. Hakuna aliyewatangazia.

Nakala zilikuwa chache, lakini wasomaji hawakuwa wachache, kwa kuwa kusoma kulikuwa kusoma kwa sauti. Mswada mmoja ulitosha ukumbi mzima. Asiyejua herufi alikuwa na nafasi yake kwenye mkeka, akasikia, akakariri, akaenda kusimulia kwingine. Tukihesabu nakala tutasema watu wa zama zile hawakusoma. Tukihesabu masikio tutasema kinyume.

Mashine ya chapa inafika

Zanzibar ilipata uchapaji katika nusu ya pili ya karne ya 19. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka mtambo uliochapa vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu. Kwa upande wa Kiswahili, kazi kubwa ilifanywa na wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) chini ya Edward Steere, ambaye alitoa mkusanyiko wa hadithi za Unguja mwaka 1870 na kuwafundisha kazi ya uchapaji vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1888 shule yao ya Kiungani ilianza kutoa gazeti la *Msimulizi*.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Tanganyika ilianzisha *Mamboleo* mwaka 1923. Gazeti hilo lilibeba mambo ya utawala, kilimo na afya, lakini wasomaji walilifanya uwanja wao: walituma barua, mashairi na majibizano. Kisha, mwaka 1930, ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia Kiswahili sanifu na vitabu vya shule. Miaka hiyo zilitoka pia tafsiri kama *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*. Mwaka 1934 James Mbotela akatoa *Uhuru wa Watumwa*.

Vizazi kadhaa vilijifunza kupenda kusoma kwa vitabu hivyo. Hata hivyo, havikuagizwa na msomaji. Vilichaguliwa kwa ajili yake, vikapimwa lugha na maadili, kisha akapewa. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba kitabu ni kitu cha shule, na mtu akishamaliza mtihani hukiweka kando.

Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilijaribu kuivunja dhana hiyo. Lilitoa vitabu vya bei nafuu, likatuma vingine kwa posta na kwa masanduku ya maktaba hadi vijijini, na likaandaa mashindano ya uandishi. Moja ya mashindano hayo lilimtoa Muhammed Said Abdulla, na riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, alikuwa mtu ambaye wasomaji walimtaka tena na tena, na mwandishi akawarudishia katika riwaya nyingine. Sauti ya msomaji ilikuwa imeanza kusikika kwenye meza ya mchapishaji.

Msomaji wa mtaani

Baada ya uhuru Tanzania ilijenga maktaba na madarasa ya kisomo kwa pamoja. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huohuo takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Miaka kumi baadaye, baada ya kampeni kubwa za kisomo, takwimu za serikali ziliwaweka kwenye takriban robo. Lugha yetu ilipata wasomaji wapya wengi mno kwa muda mfupi.

Wasomaji hao walitaka nini? Serikali iliwapa vitabu vya kilimo bora, afya na siasa, navyo vilikuwa na kazi yake. Lakini wao walitafuta pia kisa. Faraji Katalambulla alikuwa ameshafungua njia kwa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango. Vitabu hivi vilikuwa vyembamba, bei yake iliwezekana, na vilisomwa hadi jalada likatoka. Viliazimwa bwenini, kambini, ndani ya basi na kwenye vijiwe, kitabu kimoja kikapita mikono isiyohesabika.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na vijana wakaisoma kwa siri. Katazo halikuua hamu.

Wahakiki wengi waliziita riwaya za upelelezi fasihi pendwa, na baadhi yao walizidharau. Dharau hiyo ilitugharimu. Waandishi hawa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumsikiliza msomaji wa kawaida, na wachapishaji wakubwa walipowafungia mlango walijichapishia wenyewe. Mtobwa aliendesha kampuni yake ya Heko, akauza hadithi kwa watu aliowajua. Uhaba wa karatasi na fedha za kigeni ulipoibana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, vitabu vya mashirika ya umma viliadimika madukani, lakini vijitabu vya riwaya pendwa viliendelea kuzunguka.

Wizara inapokuwa mnunuzi

Miaka ya 1990 ilileta soko huria. Walter Bgoya, aliyewahi kuongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka huohuo Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza kuwasaidia wachapishaji wa Tanzania kwa kununua sehemu kubwa ya nakala za vitabu vya hadithi na kuzipeleka shuleni. Kizazi cha watoto kikapata vitabu vyenye picha za mazingira yao.

Hata hivyo, mnunuzi mkubwa alibaki kuwa mfumo wa elimu. Nchini Kenya, riwaya kama *Siku Njema* na *Kidagaa Kimemwozea* za Ken Walibora zilisomwa na wanafunzi wa nchi nzima kwa sababu ziliteuliwa kutahiniwa. Kitabu teule huuzwa kwa wingi. Kisichoteuliwa, hata kikiwa bora, huweza kukaa ghalani. Mchapishaji aliyezoea hali hiyo huandaa mswada kwa kuiangalia kamati ya uteuzi, wala si mtu anayeketi jioni akitaka kusoma.

Utegemezi huo ulionyesha hatari yake sera zilipobadilika. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani. Kuanzia Januari 2018 serikali ya Kenya ilinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, na maduka ya vitabu yaliyoishi kwa biashara ya shule yakapoteza mkate wake. Tanzania nayo ilirudisha uchapishaji wa vitabu vya kiada mikononi mwa Taasisi ya Elimu. Duka likifungwa katika mji mdogo, riwaya, diwani na tamthilia hupoteza pia mahali pa kuonekana.

Wakati huohuo msomaji wa mtaani alikuwa amehamia kwenye magazeti. Eric Shigongo aliwapata wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kila wiki. Neno "itaendelea" liliwafanya watu wasubiri toleo lijalo, na gazeti moja likasomwa na mtaa mzima.

Kiganjani

Nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika pwani yetu mwaka 2009 na 2010. Simu za bei nafuu na pesa za simu, ambazo Kenya ilianza kuzitumia kupitia M-Pesa mwaka 2007, zikakamilisha kazi. Hadithi za mfululizo zilihama kutoka gazetini kwenda Facebook, WhatsApp na Telegram. Mwandishi hutoa sehemu za mwanzo bure, wasomaji wanapoganda kwenye kisa huambiwa watume kiasi kidogo ili wapate sehemu zinazofuata. Waandishi wa riwaya wa Tanzania waliojiunga katika UWARIDI ni miongoni mwa walioona kwamba msomaji hawezi kusubiriwa dukani.

Mahitaji yamebadilika kwa namna nne zinazoonekana wazi. Kwanza, msomaji anataka kitabu kwa vipande: sura fupi inayosomeka ndani ya daladala, kwa bei inayolingana na bando la siku. Pili, anataka kukipata palepale alipo, awe Sumbawanga, Muscat au Minnesota; Waswahili wa ughaibuni, ambao zamani walisubiri mtu atoke nyumbani na kitabu begini, sasa ni wateja wa kila siku. Tatu, masikio yamerudi: hadithi zinazosomwa kwa sauti YouTube zinasikilizwa na wapishi, madereva na mafundi cherehani wakiwa kazini, kama tenzi zilivyosikilizwa ukumbini. Nne, msomaji anamjibu mwandishi hapohapo, akidai mhusika fulani asife au mwingine aadhibiwe.

Kwa watoto, mradi wa African Storybook uliozinduliwa mwaka 2014 umeweka mtandaoni hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hata miswada ya kale imefaidika: ile ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha za kidijitali, na mtafiti asiye na nauli ya kufika Lamu anaweza kuifungua.

Karatasi haijafa. Mzazi bado anamnunulia mtoto kitabu chenye picha. Muumini bado anataka Biblia au tafsiri ya Kurani anayoweza kuishika. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, watu waliuliza vitabu vyake viko wapi kwa Kiswahili, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota ikatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, pamoja na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, zimeleta miswada mipya hadi chapani. Watu husikia habari za kitabu simuni, kisha wengine wakakitafuta cha karatasi.

Deni letu

Lipo tatizo moja ambalo hatuna budi kulitaja bila kuficha. Kitabu kikishageuzwa faili la PDF, husambazwa kutoka kundi hadi kundi bila mwandishi kupata hata senti. Kuazimana kitabu cha karatasi kulikuwa na mpaka wake, maana aliyekiazima alikirudisha na nakala ilibaki moja. Faili huzaliana bila mwisho. Kijuma aliandika nakala kwa kuagizwa na aliyeitaka. Mwandishi wa leo anaweza kusomwa na maelfu na asilipwe na yeyote.

Sheria za hakimiliki zipo, na zitumike. Lakini dawa yenye nguvu zaidi ni kumuuzia msomaji kile anachokitafuta kabla hajakipata kwa wizi. Wachapishaji watoe toleo la simu siku ileile ya toleo la karatasi, wakubali kuuza sura kwa sura, na waandae matoleo ya kusikiliza. Serikali ziondoe kodi kwenye vitabu vya aina zote na zizipe maktaba za wilaya fedha za kununua vitabu vipya pamoja na intaneti ya kuvifungulia. Walimu wawape wanafunzi nafasi ya kusoma kitu kisichotahiniwa.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukitumiwa riwaya ya mwandishi aliye hai na hujui imetoka wapi, mtafute mwandishi au mchapishaji wake, umlipe bei yake, kisha mwelekeze huko aliyekutumia.