Boriti na Makaa: Bandari Moja, Biashara Mbili

Watoto wengi wa Kibajuni waliozaliwa hapa Kakuma hawajawahi kuona mkoko. Ukiwaambia babu zao wa Chovai walijenga, wakavua na kufanya biashara kwa sababu ya mti unaomea kwenye maji ya chumvi, wanacheka. Ndio maana naandika.

Kutoka Kiamboni mpaka Kismayo, pwani yetu na visiwa vyake ina mikoko. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi yamebeba miti ya pwani hii kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Waswahili ulifuata urefu wa boriti.

Majina haya si maneno tu. Anayetafuta pau hakati nguzo, na anayetaka boriti kesho anaacha fito zikue leo. Tena mkoko mkubwa ukishakatwa hauchipui tena kwenye kisiki, si kama mchu. Mbegu yake inamea ikiwa bado juu ya mti, halafu inaanguka matopeni au inachukuliwa na maji. Ukimaliza miti mama umemaliza msitu, na samaki na kamba wanaokulia mizizini nao wanapotea.

Sisemi wazee walikuwa malaika. Ukataji ulizidi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Halafu 1991 serikali ya Somalia ikaanguka. Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua. Bandari ya Kismayo ikawa ya makaa: migunga ya bara ilikatwa, ikachomwa, ikapakiwa kwenda Ghuba. Hapo hakuna cha fito wala boriti. Gunia la makaa haliulizi mti ulikuwa mkubwa au mdogo. Pesa zake zikalisha vita, na Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku makaa ya Somalia, kwa azimio namba 2036.

Sasa tuko Kakuma. Waturkana nao wana sheria yao, wanaiita ekwar: miti ya kando ya mto ina familia yake, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wa familia hiyo. Mgeni anayetafuta kuni anaona mti hauna mwenyewe. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Wenzetu wa mashirika, kabla ya kugawa miche kaeni na wazee wa Kiturkana, muulize itakuwa ya nani. Na nyinyi vijana wenzangu, nendeni na daftari kwa bibi na babu, muandike majina ya miti wakiwa bado wanayakumbuka. Mti usio na jina wala mwenyewe hukatwa na yeyote anayepita.