Mchagua Jembe

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni kwetu Mzenga, hasa asubuhi zile nilipokuwa nikizungukazunguka kutafuta jembe lenye mpini mwepesi, huku wenzangu wamekwisha kumaliza tuta la kwanza. Sikuwahi kulibishia. Lakini mwaka 2001, nilipopata kiinua mgongo changu na kulazimika kuchagua kati ya magari mawili yaliyofanana kama mapacha, ndipo nilipoanza kuona kwamba yako majembe ambayo mtu asipoyachagua vizuri atalima maisha yake yote akiwa amepinda mgongo.

Magari yenyewe yalikuwa Land Rover 110 ya milango mitano, na Land Cruiser ile ndefu ya boksi ambayo watu wetu huiita haditopu. Yote mawili yalikuwa yamekwisha kutumika katika miradi, yote yalikuwa ya dizeli, yote yamesimama juu ya ardhi kwa kimo cha kuridhisha, na bei zake zilikaribiana. Haja yangu nayo ilikuwa moja tu: kuichukua familia yangu ya watu wanane, mama yangu mzazi akiwamo, kati ya Dar es Salaam na Mzenga, na kuvuta tela la magunia ya korosho na mapipa ya maji.

Asiyeijua Mzenga anaweza kuuliza kwa nini mtu wa pensheni ahangaike na magari makubwa namna hiyo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita kwetu na stesheni tunayo. Lakini treni ina saa zake na mgonjwa ana saa zake. Barabara nayo huiacha lami ya Morogoro pale Mlandizi, ikaja kwetu na kuendelea Maneromango. Wakati wa kiangazi ni vumbi. Wakati wa mvua, gari dogo huteleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa dereva wa serikali miaka ya 1970 na aliendesha Land Rover mpaka alipostaafu. Kwake yeye hapakuwa na la kujadili. “Mdogo wangu,” aliniambia, “gari ni Land Rover. Hayo mengine ni vyombo vya kufikia.”

Nilimwelewa. Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulilijua jina hilo kabla hatujajua jina la gari lingine lolote. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover huko Uingereza alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita katika shamba lake, akawaza kutengeneza gari la namna hiyo kwa ajili ya mkulima: la kulimia, la kuvutia, la kuendeshea mashine. Kwa kuwa chuma cha pua kiligawiwa kwa kibali siku zile, bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, ndiyo maana hata leo utaona Land Rover ya zamani bodi yake haijaliwa na kutu, ingawa fremu iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma, huliwa kama chuma kingine.

Huko Uingereza lilikuwa gari la mkulima. Huku kwetu lilikuja likiwa gari la Bwana DC, la polisi na la mkusanya kodi. Baada ya Uhuru likawa gari la katibu tarafa, la bwana shamba na la daktari wa wilaya. Na wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1970, likawa gari lililokuja kutuambia tuhame. Sisi watoto tulikuwa tunalikimbilia, na wazee wetu walikuwa wanasimama mlangoni wakiulizana ni nani anayetafutwa leo. Hivyo kaka alipolisifu, alikuwa akisifu pia ujana wake na heshima ya kushika usukani uliokuwa ukiogopwa.

Mshauri wangu wa pili alikuwa kijana wangu mkubwa, na yeye alitaka Land Cruiser. Gari hilo lina historia nyingine. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari waliloliita Jeep BJ, na katika majaribio mwaka huohuo dereva wao alilipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Polisi wa Japani waliagiza magari 289. Jina la Jeep lilikuwa na wenyewe, kwa hiyo mwaka 1954 likabadilishwa likawa Land Cruiser, jina lililochaguliwa makusudi ili lishindane na lile la Kiingereza. Basi, msomaji, utaona kwamba mmoja wa mapacha hawa alizaliwa kwa ajili ya shamba na mwingine kwa ajili ya polisi. Hakuna aliyezaliwa kwa ajili ya mama mzee wa Kizaramo anayekwenda hospitali.

Jinsi wa pili alivyomnyang'anya wa kwanza nafasi yake katika Afrika ni jambo linalostahili kufikiriwa. Miaka ya 1970 Land Rover ilitakiwa na watu wengi kuliko zilivyoweza kutoka kiwandani. Kampuni iliyoimiliki, British Leyland, ilikuwa katika matatizo makubwa hata serikali ya Uingereza ikaichukua mwaka 1975. Wajapani hawakungoja. Palipokosekana Land Rover palitokea Land Cruiser, na pamoja nayo vipuri. Huku kwetu, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikuwa haba, na magari mapya yaliyoonekana vijijini mara nyingi yalikuwa ya miradi ya wafadhili. Kisha biashara ikalegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, nchi ambayo, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Mafundi waliojifunzia Hiace na Coaster wakawa mafundi wa Toyota yoyote.

Jambo hilo ndilo alilonieleza fundi wetu pale kijijini, mzee aliyekuwa akifungua mashine chini ya mkorosho. Nilimpelekea magari yote mawili kwa siku mbili tofauti. Aliyatazama kwanza chini, akiwa amelala chali juu ya gunia, kisha akaniita nikae naye.

Alisema kwamba Land Rover ile ilikuwa na injini ya lita 2.5 ya silinda nne, yenye tabo. Land Cruiser ilikuwa na injini ya lita 4.2 ya silinda sita, isiyo na tabo. “Ile ndogo inapuliziwa, hii kubwa inapumua yenyewe,” alisema. “Ya kupuliziwa ina nguvu na hainywi sana. Lakini hii nyingine ndiyo injini ya Coaster. Ikikuharibikia usiku Mlandizi, utapata mtu wa kuifungua kabla hapajapambazuka.”

Akaendelea. Land Rover 110 ina springi za mviringo mbele na nyuma, kwa hiyo abiria hawarushwi sana; Land Cruiser ile ilikuwa na springi za mabapa kote, gumu bila mzigo, zuri likilemewa. Land Rover huzungusha magurudumu yote manne wakati wote. Katika Land Cruiser ile ilibidi ushuke na kuzungusha kwa mkono vifungo vya magurudumu ya mbele, na mara nyingi mtu hukumbuka kushuka akiwa amekwisha kuzama.

Kuhusu tela nilijigamba kwake kwamba nimesoma katika kijitabu cha Land Rover kuwa huweza kuvuta kilo 3,500. Mzee akacheka. Akaniuliza kama tela langu lina breki zake lenyewe. Halikuwa nazo, lilichomelewa kutokana na ekseli ya gari bovu, kama matela yote ya kwetu. “Basi hesabu hiyo si yako,” akasema. Na kweli, nilipokisoma tena kijitabu nikaona kwamba kwa tela lisilo na breki kiwango kilikuwa kilo 750 tu. Tangu hapo nimejifunza kwamba tatizo la kuvuta mzigo si kuuondoa, ni kuusimamisha. Mteremkoni tela ndilo linaloliendesha gari.

Nilichukua karatasi nikapiga mstari katikati. Upande huu nikaandika vipuri, fundi, injini. Upande huu springi, mafuta, bodi. Nikajumlisha kama karani. Land Cruiser ikashinda. Nilipompelekea kaka karatasi ile aliisoma yote polepole, akanirudishia, akauliza swali moja tu: “Umemuuliza Mama atapandia wapi?”

Nilidhani ananitafutia kisingizio. Nikamjibu kwamba Mama atakaa mbele, pamoja na dereva. Sikufikiri zaidi. Land Cruiser ile ilikuwa na milango miwili ya mbele, na mlango wa nyuma wa mabawa mawili unaoingia kwenye mabenchi yaliyotazamana. Land Rover ilikuwa na milango minne ya ubavuni, pamoja na ule wa nyuma. Katika karatasi yangu yote hapakuwa na neno mlango.

Nikanunua Land Cruiser. Na niseme ukweli, ilifanya kazi. Ilibeba watoto, korosho, mabati ya nyumba, bibi harusi mmoja na maiti wawili. Haikunitupa njiani.

Msimu wa korosho wa mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipokuwa zimekolea, tulipakia tela jioni ili tuondoke alfajiri. Usiku Mama akazidiwa. Hakuweza kukaa, ilikuwa lazima alale. Na mahali pa kulala ni nyuma, kwenye benchi. Tela lilikuwa limefungwa, na mkono wake mfupi ulilileta karibu mno, kiasi kwamba bawa moja la mlango likifunguliwa linagota magunia. Hata lingefunguka, ingetubidi kumbeba mgonjwa tukiruka juu ya chuma cha tela, gizani, katika tope. Tukaamua kulifungua tela. Pini ilikuwa imebanwa na uzito na matope. Nilikuwa nimepakia kupita kiasi, mimi mwenyewe na si mwingine. Tulihangaika na nyundo kwa muda wa karibu nusu saa. Muda wote huo Mama alilala juu ya mkeka barazani, mvua ikimpata, mama watoto amemtandia kanga mbili na kumshika kichwa. Hakulalamika. Alisema tu, “Polepole, wanangu, msijiumize mikono.”

Kaka ndiye aliyeendesha usiku ule. Alizungusha vifungo vya magurudumu kabla hatujaondoka, hakungoja kuzama. Gari lilipita katika utelezi wote mpaka Mlandizi bila kusita, tukafika hospitali huko Kibaha kabla ya mapambazuko. Mama akapona, akaishi miaka mitatu zaidi. Njia nzima nilingoja kaka aseme neno. Hakusema usiku ule, wala hakulisema mpaka leo.

Nimeifikiri nusu saa ile mara nyingi. Wakati mwingine hujiambia kwamba Land Rover ingempokea Mama kwa mlango wa ubavuni, tela likiwa mahali pake, tukaondoka mara moja. Wakati mwingine hujiambia kwamba laiti ningepakia kwa kiasi, pini ingetoka kwa vidole. Yote mawili ni kweli. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja katika kujumlisha. Kosa lilikuwa katika kile nilichokiacha nje ya karatasi.

Miaka imepita. Land Rover ya muundo ule wa zamani ilitengenezwa kwa mara ya mwisho huko Solihull tarehe 29 Januari 2016, na iliyofuata ni gari jingine lenye jina lilelile. Mwezi Oktoba mwaka 2024 wapenzi wa Land Rover walikusanyika Arusha na magari yao, ya zamani na mapya, katika tamasha lililovuta watu kutoka mbali. Kaka alitazama picha zake katika simu ya mjukuu wake, akawa anataja mwaka wa kila moja. Mimi haditopu yangu ninayo mpaka sasa, na fundi alikwisha kuichomelea ngazi nyuma, na mkono wa tela nikaurefusha. Ngazi ile Mama aliitumia. Aliipanda akishika bega langu.

Vijana hunijia kuniuliza lipi bora kati ya haya mawili. Huwaambia habari za injini, za springi na za breki za tela, kwani ni mambo yenye faida kuyajua. Kisha huwaambia walipeleke gari nyumbani kabla ya kulipa, walifunge tela lililojaa, wawaite wote watakaosafiri nalo, wakianza na aliye dhaifu kuliko wote, na wamwombe apande. Wasimsaidie kwanza. Wamtazame tu anaposhika, na anapokwama.

Nadhani wahenga hawakukosea. Mchagua jembe kwa ajili ya mikono yake peke yake si mkulima. Mkulima hukumbuka kwamba jembe hilohilo kesho litashikwa na mwingine.