Mtindio wa ubongo: tiba iliyohama hospitali

Ukitaja tiba ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, wengi wetu tunaoishi mjini tunawaza hospitali, makoti meupe na mashine. Kumbe sehemu kubwa ya tiba hiyo inahitaji mkeka, kanga, kiti cha mbao na mtu anayejua kumshika mtoto. Historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1861 daktari wa London, William John Little, aliwaeleza wenzake kwamba watoto wengi waliokakamaa viungo walikuwa wamepata matatizo wakati wa kuzaliwa. Leo tunajua kwamba hata manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo na malaria kali vinaweza kuumiza ubongo unaokua. Sasa laana na uchawi vinatoka wapi?

Miaka ya 1940, London hiyo hiyo, Berta na mumewe Karel Bobath, waliokuwa wamemkimbia Hitler, walianza kuwatibu watoto hawa kwa mikono. Mwaka 1968 Nancie Finnie, aliyefuata njia yao, akawaandikia wazazi kitabu: jinsi ya kumbeba mtoto, kumlisha, kumvika na kumwogesha. Tiba ikaanza kuingia majumbani.

Kwetu wazo la kuifuata jamii ilipo halikuwa geni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ya Mwalimu, mzaliwa wa Butiama, ilisukuma zahanati kwenda vijijini. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ukaitangazia dunia afya ya msingi, na Shirika la Afya Duniani likaanza kuhimiza utengamao ndani ya jamii.

Tupige hesabu. Mtaalamu wa viungo mjini Musoma akimwona mtoto wa Bunda nusu saa kila mwezi, hiyo ni saa sita kwa mwaka. Nyumbani mtoto huyo analishwa zaidi ya mara 1,000. Akilishwa amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, hapaliwi ovyo. Akibebwa kiunoni, miguu imetanuka, haikai imepishana kama mkasi. Na utafiti wa sasa unasema kumnyoosha viungo tu hakutoshi: mtoto mwenyewe ajaribu kushika kikombe, kugeuka, kukaa, tena na tena.

Lakini hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Tunaposema "tiba ya nyumbani", nyumbani kuna nani? Kuna mama yule yule anayelima mihogo, anayechota maji, mwenye watoto wengine. Tukimwonyesha mazoezi mara moja kisha tukaondoka, tumehamisha mzigo tu, tiba tumeiacha njiani. Baba naye afundishwe, bibi afundishwe, na mhudumu wa afya wa kijiji apite mara kwa mara, maana mtoto anakua na mazoezi yanabadilika.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Haki ya huduma na utengamao imeandikwa. Kwa hiyo nauli ya mhudumu huyo kufika Butiama vijijini si hisani ya mfadhili. Ni hoja ya bajeti ya halmashauri.

Diwani wako umeshawahi kumuuliza?