Mikoko Pamoja

Mikoko Pamoja ni mradi wa kijamii wa kuhifadhi na kurejesha misitu ya mikoko katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Kuanzia miaka ya 1990, mwanasayansi James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) aliongoza juhudi za kuipanda upya. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini na kuwa kama kijiti. Wapandaji huichomeka topeni maji yakipwa.

Mwaka 2013 wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni waliingia katika biashara ya hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hufyonza, kwa hekta 117 za mikoko, mradi wa kwanza wa jamii wa aina hiyo duniani. Mapato ya biashara hiyo yamegharimia maji na shule. Mivinje hupandwa nchi kavu ili itoe kuni na miti ya kujengea badala ya mikoko.

Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, na mwaka 2019 jamii ya Vanga, katika kaunti hiyo hiyo, ikafuata mfano huo.