Intakula, au Kipoza Hewa cha Tabo: Ukubwa Wake Hupimwaje?

Intakula ni kifaa cha alumini chenye sura ya rejeta, kinachokaa kati ya tabo na injini ili kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Kwenye Subaru Impreza ya tabo hulala juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti ambayo wengi huidhania pambo. Kwenye malori husimama mbele, ikiitangulia rejeta. Mtajie fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, neno intakula, ataelewa papo hapo. Kazi huanza unapomuuliza ya ukubwa gani.

Tumalizane kwanza na jina. Kwa Kiswahili cha maandishi napendekeza kipoza hewa cha tabo. Kipoza kimetokana na poa na poza, na kiandikwe kwa o moja, maana kupooza ni maradhi. Kipoza hewa peke yake hakitoshi, kwa kuwa msomaji atafikiria kiyoyozi cha abiria. Rejeta ya hewa nayo inachanganya, kwani rejeta tunaijua kwa maji, na gari la intakula huwa nayo pia. Mwandishi wa kitabu cha ufundi aandike kipoza hewa cha tabo mara ya kwanza, kisha aendelee na intakula, neno lililokwisha kuzoeleka gereji.

Sasa kazi yake. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya upande mmoja wa tabo, na feni ya upande wa pili hushindilia hewa. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Tuseme uko Dar es Salaam, hewa ya nje ina nyuzi 30, na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 inaongeza presha kwa bar 1. Hewa itatoka na nyuzi kama 125. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo silinda hupata oksijeni kidogo, na joto hilo huweza kuifanya injini ya petroli igonge. Intakula ikiishusha hadi nyuzi 50, uzito wa hewa kwa kila lita huongezeka kwa karibu asilimia 23. Porsche walilitambua hilo mapema: 911 Turbo ilipopewa injini ya lita 3.3 mwaka 1978, walipachika intakula chini ya bawa la nyuma, na nguvu za farasi zikapanda kutoka 260 hadi 300, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na ukubwa wa injini.

Mtu wa Nairobi anaweza kudhani baridi ya kwao inampunguzia haja. Kinyume chake. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya kawaida ni kama bar 0.82. Injini ikidai presha ileile inayoipata Dar, tabo italazimika kushindilia zaidi, na hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi 25 tu, itatoka na nyuzi karibu 150. Isitoshe, hewa nyepesi inayopita kwenye mapezi ya intakula hubeba joto kidogo. Intakula inayotosha pwani huenda isitoshe huko juu.

Je, ununue kubwa kuliko zote? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu neno ukubwa linaficha vipimo vitatu. Cha kwanza ni uso, yaani eneo linalopigwa na upepo, na hiki ndicho chenye faida kuliko vyote. Cha pili ni unene. Kuuongeza husaidia, lakini si kwa kadiri unavyoongeza, kwa sababu upepo unaofika sehemu ya nyuma umekwisha kupashwa joto na ya mbele. Cha tatu ni njia za ndani. Vibomba vingi vinavyokwenda sambamba huipitisha hewa bila kuibana. Vibomba vichache na virefu huipoza vizuri, ila huikaba.

Kukaba huko kuna gharama inayohesabika. Rudi kwenye mfano wa Dar. Ikiwa bar 0.1 inapotea ndani ya intakula, ile faida ya asilimia 23 inashuka hadi 17. Zikipotea bar 0.3, inabaki asilimia 5 tu. Ukiongeza presha ili kufidia, tabo inafanya kazi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi.

Wapo wanaoogopa kwamba intakula kubwa inachelewesha tabo kuvuta. Hofu hiyo imekuzwa. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika humeza takriban lita 50 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo lita 4 za ziada hazifikishi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hatari ya kweli iko kwenye rejeta. Intakula nene iliyowekwa mbele yake huinyima upepo, na mlima mrefu kama Kitonga, ambako gari hupanda polepole likiwa na mzigo, ndiko geji ya joto itakakokuambia ukweli.

Kwa hiyo anza na nguvu unazozitaka. Kwa injini ya petroli, kila nguvu 10 za farasi zinahitaji karibu kilo 0.45 ya hewa kwa dakika. Nguvu 250 ni kilo 11 hivi. Mwambie muuzaji namba hiyo, kisha pima nafasi iliyopo nyuma ya bampa. Intakula ya mtumba ioshwe ndani, maana tabo iliyochoka huiachia oili, na ijazwe upepo huku ikipakwa maji ya sabuni. Povu likitokea, inavuja, na kwa gari la dizeli uvujaji huo huonekana kama moshi mweusi na gari kutovuta.

Kabla ya hayo yote, pima ile uliyo nayo: kipimajoto na geji ya presha kila upande, gari likiwa mwendoni na mafuta yamekanyagwa. Hewa inayotoka isipoizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 20 au 25, na presha inayopotea isipozidi bar 0.1, intakula hiyo inatosha. Fedha zako zipeleke kwenye breki.